Bustani Iliyokunywa Maji ya Komadre

6 Julai
Itangazwe na ijulikane kwa viumbe wote wa mteremko huu, wenye miguu miwili na wenye minne, kwamba leo saa moja na robo asubuhi mimi, Valdemar, karani mstaafu wa posta na mpimaji mvua wa kujitolea, nimekamilisha mchoro wa bustani yangu. Mchoro uko nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, kwa kalamu za rangi tatu. Sherehe ya uzinduzi imefanyika jikoni. Waliohudhuria ni mimi na nzi.

Binti yangu Zenaida anakuja Novemba kutoka Brockton, ng'ambo ya bahari. Miaka mitatu sasa nimekuwa nikimsimulia bustani hii kwa simu. Nilianza na mlimau mmoja, ili niwe na jibu aliponiuliza nashinda nikifanya nini. Mwaka wa pili ukaota mkomamanga. Krismasi iliyopita nikajikuta nimeweka benchi kivulini. Jana amesema, "Papá, nina hamu ya kukaa kwenye hilo benchi."

Nyuma ya nyumba yangu kuna mawe meusi, choo cha zamani na gurudumu la lori.

Mvua: sifuri.

7 Julai
Komadre Crisálida amepanda kuja kuuona mchoro. Nyumba yake iko chini ya yangu, hatua arobaini na mbili. Ni mjane, ana mbuzi saba, na jibini lake linaulizwa kwa jina sokoni São Filipe. Ndiye aliyemshika Zenaida siku ya ubatizo, kwa hiyo yeye ni komadre wangu na mimi ni kompadre wake. Hapa kwetu huo ni undugu mzito kuliko wa damu, maana wa damu hatukuulizwa.

Aliugeuza mchoro juu chini. "Haya mayai ni ya nini?"

"Si mayai, Komadre. Ni matuta ya nusu mwezi. Maji yakiteremka yanakwama humo, mti unakunywa polepole."

"Na mahindi?"

"Hakuna mahindi."

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Kompadre, umekula leo?"

9 Julai
Kijiji kizima kimeamka na majembe. Ni siku ya kusia vumbini: kila shimo punje tatu za mahindi na mbili za maharage, kwenye udongo mkavu kama unga, kisha mtu anasimama, anashika kiuno na kutazama juu. Tumefanya hivi tangu kisiwa hiki cha Fogo kipate watu. Mwaka mwingine mvua inakuja. Mwaka mwingine tunakuwa tumewalisha panya.

Wanasia hata kandokando ya makaburi. Kipande cha ardhi kisicho na mahindi leo ni changu peke yangu. Lindorfo, jirani yangu wa juu, alisimama ukingoni na jembe begani.

"Nhô Demá," akasema, maana ndivyo kijiji kinavyoniita, "Novemba utakula kivuli?"

"Kivuli na limau."

"Chumvi nitakuletea mimi."

10 Julai
Mvua: sifuri.

11 Julai
Sifuri.

21 Julai
Nimeshinda na pimamaji ya mpira, nikitafuta maji yatapita wapi siku yakikumbuka kuja. Jibu nililijua, ila nilitaka mpira uniambie. Maji yote ya mteremko huu yanaingia kwenye mfereji mmoja wa mawe unaopita mpakani mwangu na kushuka hadi kwenye tangi la Komadre. Mfereji ulichimbwa na babu yangu pamoja na babu yake. Paa langu ni la bati na lina mfereji wake wa kunijazia tangi langu. Paa lake ni la vigae vilivyopasuka, halikusanyi hata kikombe. Maji yake ya mwaka mzima, yeye na mbuzi, ni hayo ya mfereji. Pasipo hayo ni bomba la kijiji, saa nzima na punda, na zamu.

Lakini iko desturi. Maji ya mwanzo wa mvua ni machafu, yanaosha mavi ya mbuzi na vumbi la miezi tisa. Hayaingizwi tangini. Pale mpakani pana jiwe bapa: ukilisimamisha, maji yanatupwa pembeni, njiani, ukililaza, yanateremka kwa Komadre. Watu huyatupa maji machafu kwa dakika kumi hivi, halafu hulaza jiwe.

Nikamwendea. "Komadre, yale machafu unayoyatupa njiani, niyaelekeze kwenye bustani?"

"Chukua yote. Na mavi pia chukua, mbolea hiyo."

Nimechimba kijifereji. Kazi safi. Nimejipongeza kwa sauti.

28 Julai
Nimegonga benchi na kulipaka rangi ya kijani. Pipa la rangi nimelisuuza kwa maji ya vyombo. Sifuri.

5 Agosti
Mawingu yamekuja, yametutazama, yamekwenda zake baharini.

10 Agosti
Nimeshusha miche kutoka kwenye pikapu ya mjini: mlimau mmoja, mkomamanga mmoja, mishubiri sita, asumini. Mbaazi nimesia mwenyewe. Nimetandaza kokoto nyeusi kila shina ili umande usipotee. Zenaida amepiga simu kuuliza kama mlimau umezaa. Nimesema mwaka huu umejipumzisha.

16 Agosti
Komadre anashuka mjini kesho na jibini, na usiku atalala kwa dada yake. Amenifuata hadi mlangoni.

"Mbingu imeiva, Kompadre. Ikinyesha nikiwa sipo, uache machafu yapite, halafu unilazie jiwe."

"Kazi ndogo."

"Si ndogo. Ndiyo maana nimepanda kuja kusema."

17 Agosti
Naandika haya saa kumi na mbili jioni. Viatu vyangu viko mlangoni vimejaa tope.

Saa nane na dakika kumi mchana ikaanza. Si manyunyu. Ilishuka kama mtu kafungua mlango kwa teke. Nilitoka na koti la posta. Mteremko wote ulikuwa unang'aa, mfereji ukaanza kunguruma, maji yakaja meusi, yakagonga jiwe lililosimama, yakapinda na kuingia bustanini kwangu.

Nusu mwezi ya kwanza ikajaa. Ikafurika pale pale nilipochora ifurike. Maji yakashuka kwenye ya pili. Miezi yote ya kuchora mayai, na sasa maji yananitii! Sijawahi kutiiwa na kitu chochote, hata posta barua zilikuwa zinanipotea mikononi. Nilisimama na mikono juu nikicheka.

Saa nane na ishirini nikatazama saa. Dakika kumi zimetimia. Maji yalikuwa yameanza kusafika. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: sikusahau. Nilitazama saa, nikatazama jiwe, hatua kumi na nne. Nusu mwezi ya tatu ilikuwa haijajaa, ya mlimau. Nikasema, dakika tano.

Baada ya dakika tano ilikuwa karibu kujaa. Ingekuwa upumbavu kuiacha. Nikasema, tano nyingine, mvua kubwa namna hii itanyesha hadi jioni, yapo ya watu wote. Halafu mkomamanga. Halafu nikasema mwezi huu zitakuja mvua nyingine mbili, tatu, kila mwaka zinakuja. Sikumbuki niliyosema mara ya sita.

Saa tisa kasoro dakika tano ikakatika. Kwa ghafla, kama ilivyokuja. Nikakimbia. Sasa nikakimbia! Nikalaza jiwe. Maji yaliyopita juu yake yangejaza beseni.

Kipimamvua kinasema milimita sitini na nne. Nimekisoma mara mbili.

18 Agosti
Komadre ameshuka kwenye pikapu saa tatu akiimba. Nilimsikia akifunua kifuniko cha tangi. Kuimba kukakoma.

Akapanda. "Kompadre, tangini hamna kitu. Shubiri moja ya tope."

Ningesema hapo. Maneno yalikuwa mafupi. Badala yake nikasikia sauti ya karani ikitoka kinywani mwangu: "Mvua ilikuwa ya upepo, Komadre. Ilipita kwa ubavu."

"Kipimamvua kimesema nini?"

"Ishirini na moja."

Daftari la ofisi ya hali ya hewa linaning'inia kwenye msumari barazani, kila apitaye hulisoma. Kwa hiyo alipoondoka nililifungua nikaandika 21, kwa mwandiko mzuri. Miaka kumi na tisa ya kupima mvua, sijawahi kuongeza wala kupunguza hata nusu milimita.

Lindorfo alipita jioni. "Ishirini na moja? Bati langu lilisema sabini."

"Bati lako linalewa pamoja nawe."

Alicheka. Watu wanakiamini kipimamvua. Hiyo ndiyo kazi yake.

25 Agosti
Mahindi yametoka kila mahali, mabichi, madogo, yamejaa matumaini. Mvua: sifuri.

26 Agosti
Sifuri.

1 Septemba
Sifuri.

8 Septemba
Mahindi yamejikunja kama karatasi za sigara. Wengine wameanza kuyang'oa wawape mbuzi kabla jua halijayamaliza.

Bustani yangu imestawi. Mbaazi zinafika kiunoni. Mlimau umetoa majani mapya yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Leo baada ya misa watu kumi na mmoja walikuja kuona. Nilisimama mbele yao na fimbo, nikielekeza. "Siri ni kuyapunguzia maji haraka yake," nilisema. Mwanamke mmoja akaomba nimchoree na yeye.

Komadre alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. "Kompadre wangu ana akili," akawaambia. "Tangu zamani."

Sikuweza kula mchana. Nilikula jioni.

14 Septemba
Leo ameniomba nimshikie ngazi.

Ameamua tangi lina ufa. Majirani wote walipata nusu tangi siku ile, yeye shubiri moja, basi maji yamevujia ardhini. Ameyahamishia maji kidogo aliyonayo kwenye mitungi, amechanganya chokaa na saruji, amefunga kanga kiunoni, na akiwa na miaka sitini na mitatu ameteremka mle ndani. Nilitaka kushuka mimi. "Wewe mabega yako hayapiti," akasema, na ni kweli.

Saa nne nzima nimeshika ngazi. Kutoka juu nilikuwa naona kitambaa cha kichwa chake na mwiko ukienda na kurudi. Sauti yake ilikuja kubwa, ya pangoni.

"Kompadre!"

"Naam, Komadre."

"Kuna mstari hapa, unafikiri ndio ufa?"

"Labda ni kovu la zamani."

"Nipake?"

"Paka."

Mwiko. Halafu: "Huko juu kuna habari gani?"

"Hakuna habari."

"Hakuna hata moja?"

"Jua tu."

Alikuwa anaziba ufa usiokuwapo, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake nikiujua. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza mbuzi alilia nikaufunga. Mara ya pili hapakuwa na mbuzi.

Alipopanda alikuwa mweupe kwa chokaa hadi kwenye kope. Alininawisha mikono kwa maji ya mtungi, kikombe kizima, akanipa jibini kwa kazi ya kushika ngazi. Liko mezani. Sijalikata.

22 Septemba
Ameuza mbuzi watatu. Mwanawe Adérito anampigia simu kila jioni kutoka Praia, kisiwa kingine, nyumba ya huko ina bomba ndani, mama aache ukaidi. Nimempelekea maji ya tangi langu, madumu mawili. Alipokea. Nilipopeleka mengine siku ya pili alisema, "Yanatosha, Kompadre. Una bustani ya kunywesha."

Alisema bila kejeli. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kwa kila namna ya sauti, na kejeli siioni. Ningeiona ningelala vizuri zaidi.

29 Septemba
Mtu akikataa kupewa, atarudishiwa bila kujua. Huo ndio uvumbuzi wangu wa leo, na niliuona mzuri sana.

Wote wakiwa misani, nimeteka maji tangini kwangu nikayajaza kwenye pipa, nikalisukuma hadi kwake kwa mkokoteni. Safari nne. Nimeyamimina yote kwenye tangi lake jipya jeupe. Mgongo umegoma lakini roho imepata nafuu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Lindorfo, ambaye misa huiota tu, alikuwa ameketi mlangoni kwake akinitazama kwenda na kurudi.

"Mazoezi, Nhô Demá?"

"Mgongo. Daktari ameniambia."

"Daktari gani huyo, wa punda?"

2 Oktoba
Siku mbili nilisikia watu wakisema tangi la Komadre Crisálida limejaa kidogo bila mvua. Mwanamke mmoja aliwasha mshumaa. Nilikaa kimya kama mtakatifu mwenyewe.

Leo Lindorfo amekuja kunieleza mwisho wa muujiza. Mbuzi wamekataa maji. Wananusa, wanapiga chafya, wanageuka. Mmoja aliyekunywa anaharisha. Komadre alikuwa ameshamwaga na ile mitungi yake yote humo tangini, kwa vile ameona panashika maji. Sasa yote yananuka.

"Yananuka nini?" nikauliza. Nilikuwa nimeshika kitu cha kushikilia, nadhani ni mlango.

"Rangi," akasema Lindorfo, na akalitazama benchi langu la kijani kwa muda mrefu kuliko benchi linavyostahili.

3 Oktoba
Sifuri.

12 Oktoba
Ameuza wanne waliobaki. Adérito amemkatia nafasi kwenye boti ya tarehe ishirini. Miaka sitini na mitatu, hajawahi kulala nje ya kisiwa hiki.

13 Oktoba
Nilivaa shati la misa na tai. Nilikuwa nimeandika hotuba kurasa mbili. Nilimkuta sakafuni akifunga vikombe kwenye magazeti.

"Komadre, nimekuja na neno zito."

"Kaa. Usikalie sahani."

Nikabaki nimesimama. Nikaanza: "Tarehe kumi na saba Agosti, saa nane na dakika kumi mchana..." Karatasi nikaiweka mfukoni, nikasema kwa kifupi. Kwamba nilisimama. Kwamba nilitazama saa. Kwamba jiwe sikulilaza.

Hakusimamisha mikono. "Dakika ngapi?"

"Thelathini na tano. Ukiondoa zile kumi za machafu."

"Ulizihesabu?"

"Nilizihesabu."

"Basi hukusahau."

"Sikusahau."

Akakifunga kikombe, akachukua kingine. "Niliacha sufuria uani siku ile," akasema. "Niliporudi maji yalikuwa vidole vitatu na nusu. Wewe ukaniambia ishirini na moja. Ishirini na moja ni kidole kimoja, Kompadre. Mimi sikusoma, lakini vidole ninavyo."

Nilitafuta pa kukaa, hapakuwapo.

"Halafu tope lilikuwa upande wa juu wa jiwe lako," akaendelea, "na upande wa chini mfereji umelowa kama umekojolewa na kuku. Nilikwenda nikauona kabla ya kupanda kwako."

"Kwa hiyo ulipokuja kuniuliza..."

"Nilikuwa najua. Nilitaka unijibu."

"Na ufa? Ulikaa mle ndani saa nne nzima!"

"Tangi lilikuwa linadai chokaa tangu marehemu yu hai, siongopi. Lakini nilisema, nikimweka juu pale, peke yetu, ameshika ngazi, hana pa kukimbilia, atasema. Ukuta wa upande wa bahari niliupaka mara mbili, Kompadre. Nilikuwa nakusubiri." Akanyanyua uso. "Hukusikia nilivyokuuliza kama kuna habari?"

Nilisikia. Nilijibu jua.

"Na maji ya rangi," nikasema, maana nilitaka yote yatoke.

"Hayo ndiyo yaliyonikasirisha. Ya kwanza ulikuwa umelewa mvua, hata mimi ninaijua, mtu akiona maji hapa anapata wazimu. Lakini hayo mengine ulikuwa macho makavu, na bado ukaona heri unidanganye kwa tangi kuliko uniambie kwa mdomo."

Nikamwambia asiondoke. Tangi langu lina robo tatu, tutalitumia wote wawili. Mfereji wa paa langu nitaugeuza uwe wake. Jiwe nitalijengea kwa saruji, lilale milele.

"Na kila nikija kuchota utasimama mlangoni na hiyo sura?" akasema. "Bora Praia."

"Utanisamehe, Komadre?"

Alikuwa amefika kwenye kamba. "Weka kidole hapa," akasema. Nikaweka kidole kwenye fundo. Akaikaza, nikakichomoa. "Sijui. Sasa hivi nina kazi. Hilo boksi jingine nalo, weka kidole."

Tulifunga maboksi matano.

14 Oktoba
Nimelichukua daftari la msumarini. Kwenye tarehe 17 Agosti nimekata 21 kwa wino mwekundu na kuandika 64, na pembeni: "Mpimaji alidanganya." Nimelirudisha barazani.

Lindorfo alisoma saa mbili. Saa nne kijiji kizima kilikuwa kimeshasoma, pamoja na wasiojua kusoma. Hakuna aliyenitukana. Yule mwanamke aliyetaka nimchoree bustani alikuja, akaniomba arudishiwe kalenda aliyokuwa ameniachia ya kuchorea.

20 Oktoba
Nilimbebea maboksi mawili hadi kwenye pikapu. Watu walikuwa wengi, kila mmoja akimpa kitu cha njiani. Akanipa mkono kama anavyopewa mtu wa kawaida, na akasema, "Msalimie Zenaida." Alipokwisha kuketi aliteremsha kioo. "Kompadre, tangi langu liache wazi likauke. Usimimine kitu humo."

"Sitamimina."

"Hata kikiwa kizuri."

31 Oktoba
Nimemaliza kugeuza mfereji wa paa langu uelekee kwa Komadre. Kazi imenyooka, pimamaji inasema hivyo. Lindorfo alinisaidia kubeba saruji, akafanya kazi siku mbili bila mzaha hata mmoja. Nilitamani anitukane.

Mvua: sifuri. Msimu umefungwa rasmi leo. Mvua nyingine ni Julai.

16 Novemba
Zenaida amefika saa tano, na mizigo mitatu na miwani ya jua. Kabla ya kuweka begi chini akatazama bondeni.

"Papá, mbona kwa mama wa ubatizo pamefungwa?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama uani, kwa tarehe na saa, pamoja na mlimau ambao haukuwapo, na mkomamanga, na benchi la Krismasi. Nadhani nilisema muda mrefu. Alikuwa ameketi juu ya begi lake kubwa, ameivua miwani.

"Yote haya kwa ajili yangu?"

"Ndiyo" lingekuwa jibu zuri, na tayari lilikuwa limeshatengenezwa, nilipokee tu. "Hapana," nikasema. "Wewe ungekaa hata juu ya gurudumu. Nilitaka mimi nionekane."

Akaniuliza namba ya simu ya Adérito, akaiandika. Halafu akasimama akajikung'uta. "Haya, nionyeshe."

Aligusa jani la mlimau. Alizitazama nusu mwezi, moja baada ya nyingine, na alipofika ile ya tatu akaniuliza kama ndiyo hiyo, nikasema ndiyo hiyo. Aliketi kwenye benchi. Aliinuka, akasema kuna joto, akaingia ndani.

17 Novemba
Zenaida ameondoka na boti ya asubuhi kwenda Praia kwa mama yake wa ubatizo. Siku nane alizobakiza atazimalizia huko. Bustanini alikaa dakika kumi na moja.